Jicho la Kupimia

Nzi alitua kwenye jicho la kushoto la Mama Vifungo, juu ya mboni kabisa, akasugua miguu yake ya mbele kama mtu anayenawa mikono, na Mama Vifungo hakupepesa. Aliendelea kushona tundu la kifungo. Mke wa mwanawe, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, alimtazama nzi yule mpaka akaruka kwa hiari yake.

"Mama, hukumsikia?"

"Nani?"

"Nzi. Alikukalia jichoni."

"La kushoto? Hilo hata ukilitia mchanga sina habari nalo."

Basi maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Jicho hilo lilikufa zamani, mkanda wa jeshi ulipompanda usoni, malengelenge yakamtoka kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kope. Yalipokauka, upande ule wa paji la uso ulibaki na ganzi. Jicho nalo likabaki pale pale, jeusi, zima kwa kulitazama, wala mgeni asingejua kwamba haliioni hata taa. Kazi yote ilifanywa na la kulia. Kwa hilo la kulia alitunga uzi na kuwashonea mafundi wa mtaa mzima matundu ya vifungo, maana cherehani zao hazikuweza kutoa tundu safi kama la mkono wake, na jina lake lilitokea huko. Kwa hilo hilo alijipikia, alijifulia, akaenda sokoni na kurudi bila kushikwa mkono na mtu. Ila siku hizo nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kama kioo kilichopumuliwa. Mtoto wa jicho, walimwambia hospitali. Wakamwambia asihofu, linapasuliwa, linawekwa kioo kipya, na ataona vizuri kuliko mkwewe. Lakini halipasuliwi bure. Kwa hiyo alihamisha kigoda chake kutoka chumbani, akakiweka mlangoni penye mwanga, na sindano akawa anaishika karibu na pua.

Mwanawe, mtaa ulimwita Mkemia. Aliacha kazi ya ulinzi akaenda kusomea kutengeneza sabuni, mafunzo ya siku chache tu, akarudi na cheti chenye fremu na miwani ya plastiki ya kujikinga macho. Uani kwao palijaa mapipa ya buluu, madumu, gunia la chumvi ya kuifanya sabuni iwe nzito, na upawa mrefu wa mti wa kukorogea. Akipika lazima avae ile miwani. Hata akiwa anachungulia tu pipa, kwanza miwani. Sabuni ya kuoshea vyombo ilimtoka vizuri, watu wakanunua, lakini yeye alitaka kubwa zaidi. Alitaka shampuu ya watoto isiyowasha macho. Lebo zake alishachapisha kabla ya kitu chenyewe kupatikana. Zilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, povu kichwani, macho wazi.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa amewaambia kwamba viwanda vikubwa vilijaribia sungura. Mkemia akanunua sungura wawili weupe. Mkewe alimshika mmoja mapajani, akamkaza masikio, naye Mkemia akatia tone la shampuu jichoni. Sungura alipiga mateke mpaka akaichana kanga. Kesho yake jicho lilivimba kama kitunguu, keshokutwa likafunga kwa usaha. Wakamtia yule wa pili kutoka pipa jingine, ikawa vile vile, na alipotiwa na jicho la pili akawa anatembea anagonga kuta. Wote wawili waliishia kwenye sufuria.

"Ubaya wa sungura," alisema Mkemia akinyonya mfupa, "hasemi. Utajuaje kama inawasha sana au inawasha kidogo?"

Mkewe alikumbuka nzi.

"Mume wangu, lile jicho la Mama la kushoto halifanyi kazi yoyote humu ndani."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema lipo tu. Halioni. Haliwezi kuharibika zaidi ya lilivyoharibika. Na Mama anasema, tena anasema mno."

Mkemia alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaweka mfupa chini.

Alimwendea mama yake kwa upole, akachutama mbele ya kigoda kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kitu. Akamwambia, Mama, nikipata mteja mmoja mkubwa, jicho lako la kulia tunalipeleka kupasuliwa mwezi huo huo. Ninachokuomba ni lile bovu tu, tone moja moja, la kujaribia.

Mama Vifungo aliinua sindano, akaitazama. Siku hiyo ilimchukua muda kulipata tundu lake.

"La kulia mtalipeleka kweli?"

"Mama! Mimi nikudanganye wewe?"

"Haya. Lilikuwa limekaa bure."

Walivyofanya ni hivi. Mama Vifungo aliketi chini kwenye mkeka, mgongo wake kwenye magoti ya mkwewe, kama anayesukwa nywele. Mkwe akamlaza kichwa nyuma, akashika kile kichupa cha dawa ya masikio chenye mpira wa kubana, kwa mkono wa kushoto maana alikuwa wa mashoto, akapanua kope za jicho lililokuwa upande wa mkono huo huo, akabana. Mkono ukazoea. Siku nyingine alifanya huku anapiga soga na jirani dirishani, bila hata kutazama.

"Mama, inawasha?"

"Sisikii kitu."

"Haiwashi!" mkwe alipaza sauti kuelekea uani.

"Sikusema haiwashi. Nimesema sisikii."

"Mama naye! Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Ukimpigia kelele kiziwi asigeuke, ndiyo umenyamaza?"

"Aa, tumeanza. Funga jicho, nikupanguse."

Jicho lilikuwa likiiva wekundu, likitoa utelezi kwenye kona. Mkemia alikuja akaliinamia, miwani kwenye paji la uso, akasema huo ni uzee. Na kwa kuwa kila pipa lilijibiwa kwamba halina tatizo, alizidi kuwa jasiri. Vifaa vya ghali alipunguza, akaongeza kostiki, ile dawa kali ya sabuni inayounguza ngozi, ambayo ni rahisi, povu likawa jingi na zito. Kipimo kikasema haiwashi. Akaongeza tena.

"Siku hizi nimeipatia," aliwaambia watu. "Imepimwa. Kwa mtu, siyo sungura."

Ndipo akaja mwenye maduka. Alikuwa mtu mpana, wa leso mkononi, ana maduka karibu kila mtaa, na alishaumwa na nyoka wa aina hiyo. Kuna mtengenezaji aliwahi kumuuzia shampuu ya watoto, kina mama wakamfuata dukani na watoto waliovimba macho, mmoja akamrushia chupa. Akaketi kwenye kochi, akapewa soda, akasema yeye maneno haamini.

"Atiwe mtu jichoni, nione. Kama hakuna mtu, naenda zangu."

"Mtu yupo," alisema Mkemia. "Mama yangu mzazi, tajiri. Sasa niambie, ningethubutu kumtia mama yangu mzazi kitu kinachowasha?"

Mwenye maduka aliweka soda chini. Maneno hayo yalimwingia.

Mama Vifungo alikuwa ameshaambiwa tangu asubuhi: la jicho bovu usilitaje. Alikuwa amevaa gauni lake la mikono mirefu. Wakamkalisha kwenye kiti cha mkono, kile kizuri, kilichoegemezwa ukutani ili kisitingishike, ana kwa ana na mgeni, ili aone vizuri. Mkwewe akatafuta pa kusimama. Nyuma ya kiti palikuwa na ukuta. Akasimama mbele. Mkono ukaenda ulikozoea, upande wake mwenyewe wa kushoto, ukapanua kope.

Mama Vifungo aliliona tone likija. Siku zote hizo hakuwahi kuliona. Lilining'inia kwenye ncha ya kichupa, rangi ya waridi, na nyuma yake uso wa mkwewe umegeukia kwa mgeni, unatabasamu. Akafungua kinywa.

Likaingia.

"Inawasha, bibi?" aliuliza mwenye maduka.

Haikuwa kuwasha. Ilikuwa kama mtu ameingiza kijiti cha moto na sasa anakizungusha. Vidole vyake vilishika mikono ya kiti mpaka kucha zikageuka rangi. Akisema inawasha, mwanawe hana mteja, na bila mteja hospitali hakuna, na hilo ndilo jicho lililokuwa liende hospitali. Yote hayo aliyawaza kwa mara moja, na pengine kama angekuwa na nafasi ya kuyawaza mara ya pili angepiga kelele.

"Haiwashi," alisema.

"Mbona machozi?"

"Ya furaha, tajiri," alidakia Mkemia. "Mzee anamwona mwanawe anafungukiwa na riziki."

"Haya. Lakini tusubiri kidogo. Ile ya yule mwizi ilikuwa haiwashi mwanzoni."

Akachukua soda yake. Wakasubiri. Mwenye maduka akaanza kueleza shida za kuwa na maduka mengi, wafanyakazi wanaokula bidhaa, panya, wenye nyumba. Mkwe aligeuka kumpangusa mama mkwe shavu, na hapo ndipo alipoona wekundu uko jicho gani. Akautazama mkono wake. Akainua macho akamtazama mumewe. Mkemia naye akamtazama mama yake, akaona. Jagi la maji lilikuwa mezani, karibu, limefunikwa sahani. Mkwe akalisogelea nusu hatua.

Mkemia alitikisa kichwa kidogo sana.

"Mletee tajiri soda nyingine," alisema. "Hiyo imeshapata joto."

Mwenye maduka alikunywa na ile ya pili, tena alikunywa kwa raha. Alisimulia habari ya duka lililoibiwa kupitia bati. Mama Vifungo alikaa wima. Jicho walimwambia aliweke wazi, akaliweka wazi. Mwishowe mgeni alisimama, akajifuta kwa leso, akaagiza makatoni yajaze gari, akamshika Mama Vifungo mkono kwa heshima akamwambia ana bahati ya kupata mtoto wa namna ile.

Gari lilipoondoka walimmwagia maji jagi zima, kisha ndoo. Mpaka gauni likamshika mwilini. Mkwe alikuwa analia na kusema kwa wakati mmoja, "Si ungesema, Mama! Si ungesema!"

Hospitali daktari aliliinua kope, akaliacha. Kioo cha mbele kimeungua, alisema, kimekuwa cheupe. Mtoto wa jicho hata akitolewa ni kazi bure. Akauliza kwa nini halikuoshwa pale pale.

Njiani, akiwa ameshikwa mkono kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Mama Vifungo aliuliza.

"Mwanangu. Wewe ulijua saa ngapi?"

Mkemia alikohoa.

"Uliona, au hukuona?"

"Niliona, Mama. Lakini tajiri alikuwa bado amekaa."

Kigoda kikarudishwa chumbani, maana mwanga wa mlangoni haukuwa na kazi. Mafundi walikuja kuchukua nguo zao ambazo hazijashonwa, mmoja baada ya mwingine, wakisema pole. Mkwe alimpakulia chakula, na akichoka humwambia, "Mama, sahani iko mbele yako, papasa tu."

Makatoni nayo hayakukaa. Mwenye maduka alirudi nayo mwenyewe, akayaangusha uani moja moja, chupa zikapasuka, mtoto mnene wa kwenye lebo akawa anaelea kwenye povu. Kina mama walikuwa wamemjia dukani kama maandamano.

"Sikupeleki polisi," alimwambia Mkemia, "kwa sababu ya yule mzee wako. Lakini fedha yangu umeshaila. Utanipikia nyingine. Nitakuja Jumamosi. Na safari hii simtaki mama yako, wala mkeo. Nitakutilia wewe, kwa mkono wangu, macho yote mawili. Ukikaa ukanitazama bila kulia, nachukua mzigo na biashara inaendelea. Ukishindwa, mapipa yote haya ni yangu, na popote nilipo na duka hutauza hata kipande cha sabuni."

Mkemia alipika siku hiyo hiyo. Pipa lilipopoa, walisimama wote wawili wamelitazama. Miwani ilikuwa machoni mwa mume.

"Jaribu wewe," alisema mke.

"Jaribu wewe. Wewe ndiye uliyekosea jicho."

"Na nani alinituma soda nikiwa naendea maji?"

Kisha mke akatazama kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe.

"Lile la kulia sasa," alisema polepole, "halioni. Lakini linasikia. Usiku analalamika nalo. Ukifikiri, ndilo hasa. Lile la kwanza ndilo lililotudanganya."

Walitegemea atawafukuza. Lakini Mama Vifungo aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja, akasema, "Nitandikieni mkeka."

Akakaa kama zamani. Tone likaingia, na mwili mzima ukaruka, machozi yakamwagika mpaka kwenye shingo.

"Inawasha," alisema alipopata pumzi. "Mwaga."

"Umeona!" mke alimwambia mumewe, akiwa amefurahi. "Nilikwambia! Hiki ndicho kipimo!"

Pipa likamwagwa mtaroni. La pili kostiki ikapunguzwa nusu, likamliza vile vile. Likamwagwa. La tatu lilimliza kidogo, akakunja uso, akasema bado. Povu lilitambaa mtaroni mpaka barabara kubwa, majirani wakatania: "Mkemia, unataka kuufua mtaa mzima?" Yeye hakucheka. Alikuwa hali vizuri. Kila saa alijikuta anajigusa kope. Aliuza redio, akanunua vile vya ghali alivyokuwa akivikwepa, akapima kila kitu kwa kikombe kama alivyofundishwa na hakuwahi kufanya. Ijumaa jioni akapika pipa la mwisho. Vifaa vikaisha.

Jumamosi asubuhi akakileta kichupa mwenyewe, akamtilia mama yake kwa mkono wake.

Mama Vifungo alibaki kichwa nyuma, jicho jeupe limetazama dari.

"Mama? Hii ni ya macho yangu leo."

"Najua."

"Sema basi."

"Inawasha."

"Kama ile ya tatu?"

"Kupita zote," alisema Mama Vifungo, akavuta ncha ya kanga akajifunika uso. "Sijui umetia nini, mwanangu. Pole."

Mkemia alitaka kukimbia, mkewe akamshika shati. Walikuwa bado wanavutana, mke anasema labda tuchanganye maji, mume anasema nenda wewe ukamwambie nimesafiri, gari likasimama nje.

Mwenye maduka hakutaka soda. Alimwonyesha Mkemia kile kiti cha mkono kilichoegemea ukuta. Mama Vifungo alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, ameomba aletwe sebuleni asikilize. Mkemia akakaa. Mwenye maduka akabana mpira, akapandisha shampuu kwenye kichupa, akaweka kidole gumba kwenye kope la mwanamume yule.

"Fungua."

"Nimefungua."

"Umefumba. Fungua, bwana!"

Tone halikuwa limeanguka bado aliposhika uso kwa mikono yote miwili na kupiga kelele, kelele nyembamba kama za yule sungura. Tone likaangukia shavuni. Akalifuta kwa shati, kwa nguvu, kama linamuunguza, akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni akabaki hapo amepiga magoti.

"Tajiri, naomba. Tajiri, usinitie. Inawasha. Nakiri, inawasha."

Mwenye maduka alimtazama, halafu akamtazama mama yake.

"Na mama yako mzazi ulimtia," alisema. Akaweka kichupa mezani. Akatoka nje kwenda kuwaita vijana wake, na mapipa yakaanza kubingirishwa kutoka uani, moja moja, upawa wa kukorogea ukitupwa juu ya gari. Pipa lililojaa lilikuwa zito, wakalimwaga mtaroni kwanza.

Gari likaondoka. Mke alikuwa amekaa chini mlangoni, mikono kichwani. Mkemia bado yuko sakafuni.

"Nipeni hicho kichupa," alisema Mama Vifungo.

Hakuna aliyempa. Akanyanyuka, akapapasa ukuta, akapapasa meza, akakipata. Akalaza kichwa nyuma. Akajitilia la kulia tone moja, akaongeza la pili, akakaa na jicho wazi bila kope kucheza.

"Baridi kama maji ya mtungi," alisema. "Hii umeipatia, mwanangu. Tangu asubuhi nilijua umeipatia."

Mkemia aliinua kichwa.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Tajiri alikuwa bado amekaa."

Akanyoosha mkono ashikwe arudishwe kwenye kigoda chake. Ilibidi angoje sana.